Pakiti ya Jirani: Mwongozo Kamili wa Usawa wa Mtandao Katika Meshi za Jamii

Ukishafunga antena juu ya paa lako na kuruhusu data ya jirani ipite kwenye ruta yako, umekuwa msafirishaji. Hujasajili kampuni, huna ofisi wala nembo, lakini uwezo ulio nao juu ya mawasiliano ya jirani huyo ni uleule ulio mikononi mwa makampuni makubwa ya intaneti: unaweza kuipitisha data yake, kuichelewesha, kuizuia au kuichungulia. Hapo ndipo suala la usawa wa mtandao linapoanza kwa meshi ya jamii. Wengi wetu tunalikosa kwa sababu tumezoea kulidai kwa wengine tu.

Usawa wa mtandao, kwa maneno mepesi, ni kanuni kwamba anayesafirisha data asiibague kwa kuangalia imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, au ni ya programu gani. Mtandao wa meshi ni ule ambao ruta za wanajamii, yaani nodi, huungana zenyewe kwa zenyewe na kupokezana data mpaka ifike inakokwenda, badala ya kila nyumba kuungwa peke yake na mnara wa kampuni. Mahali fulani ndani ya meshi pana lango, nodi moja au zaidi iliyounganishwa na mtoa huduma wa nje. (Simaanishi mitandao ya kijamii ya kupiga soga na kupeana picha. Maneno yanafanana, mambo ni mbalimbali.)

Mwongozo huu ni kwa watu wanaojenga meshi kama hiyo au wanaoiendesha tayari. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili uusome ukiwa unaujua: uwezo ukiwa mdogo, ugawe kwa watu, usiugawe kwa maudhui. Karibu kila kosa la ubaguzi nililoliona katika mitandao ya jamii lilifanywa na watu wema waliokuwa wakigawa uwezo mdogo kwa njia isiyo sahihi.

Kabla ya kuanza: kanuni ilizaliwa na maumivu gani

Neno "usawa wa mtandao" lilienezwa na mwanasheria Tim Wu katika makala ya mwaka 2003, lakini watu walilielewa vizuri zaidi kwa visa. Mwaka 2005 kampuni ya simu ya Madison River, Marekani, ilizuia wateja wake wasipige simu kupitia intaneti, kwa sababu simu hizo zilikula biashara yake ya simu za kawaida. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliibana mpaka ikaacha, nayo ikalipa dola 15,000. Mwaka 2007 ikabainika kwamba Comcast ilikuwa ikituma pakiti (vipande vidogo vya data) za kughushi ili kukata mawasiliano ya waliotumia BitTorrent, njia ya watu kugawana faili moja kwa moja. Pakiti hizo zilijifanya zimetoka kwa mtumiaji mwenzako, zikisema "tumemaliza, funga". Na Februari 2016 mdhibiti wa India, TRAI, alipiga marufuku bei tofauti kwa maudhui tofauti, na huduma ya Free Basics ya Facebook, iliyotoa kurasa chache bure, ikasimama nchini humo.

Visa hivi vitatu vinaonyesha sura tatu za ubaguzi: kuzuia, kuchelewesha kwa siri, na kupendelea kwa bei. Sura zote tatu zaweza kuzuka ndani ya meshi yenye nyumba kumi na tano.

Sheria zenyewe hubadilika. Chile ilitangulia dunia kutunga sheria ya namna hii mwaka 2010. Marekani iliweka kanuni kali mwaka 2015, ikazifuta mwaka 2017, ikazirudisha mwaka 2024, kisha mahakama ya rufaa ikazitupa Januari 2025. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 2015/2120, nayo imedumu. Naipenda kwa sababu moja ya kikazi: inatoa rula unayoweza kuishika mkononi. Hatua ya kusimamia msongamano inakubalika ikiwa iko wazi, haibagui, haizidi kiasi, haisukumwi na biashara, haichunguzi maudhui, na haidumu kuliko inavyohitajika. Kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa mfano kuzuia kabisa, kunaruhusiwa kwa sababu tatu tu: sheria inaagiza, usalama wa mtandao unadai, au kuna msongamano wa kipekee au wa muda mfupi, na hata hapo data za aina moja zitendewe sawa. Meshi yako inaweza isiguswe na sheria hiyo kabisa. Rula itumie hivyo hivyo. Kila pendekezo likiletwa mkutanoni, lipitishe hapo.

Hatua ya 1: Chora ramani ya mikono inayogusa pakiti

Chukua karatasi. Fuata pakiti moja kutoka kwenye simu ya mwanachama wa mbali kabisa mpaka nje ya lango, na kila inapopita andika: nani ana nywila ya kifaa hiki, na kifaa hiki kinaweza kuifanya nini pakiti?

Utakuta mikono mingi kuliko ulivyodhani. Kuna mwenye nodi ya katikati, ambayo mara nyingi iko juu ya jengo refu au mlimani, na nusu ya mtandao inaitegemea. Kuna anayesimamia seva ya DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba, ambaye anaweza kufanya tovuti "isiwepo" bila kugusa kiungo chochote. Kuna aliyelipia laini ya nje kwa jina lake. Kuna aliyetengeneza programu ya ruta na anayeweza kuisasisha kwa mbali kwenye nodi zote kwa usiku mmoja. Huyo wa mwisho ndiye mwenye nguvu kuliko wote, na ndiye anayesahauliwa.

Weka alama nyekundu panapopita njia moja tu. Itifaki za meshi, yaani taratibu ambazo nodi hutumia kupeana habari za njia, kama OLSR, Babel na batman-adv, huchagua njia kwa ubora wa kiungo, kwa hiyo nodi moja ikiharibika au ikianza kubagua, data inaweza kuzunguka, ila iwe na pa kuzungukia. Njia ya pili ndiyo kinga ya usawa iliyo imara kuliko karatasi yoyote mtakayotia saini. Ukiwa na vifaa vya kuongeza nodi moja tu, iongeze penye alama nyekundu.

Hatua ya 2: Andikeni mapatano ya kupitisha

Hamhitaji kuanza na karatasi tupu. Wajenzi wa mitandao huru wana hati fupi iitwayo Pico Peering Agreement. Kiini chake ni kwamba mwenye nodi anakubali kupitisha data za wengine bure, na anaahidi kutozibadilisha wala kuziingilia zikiwa njiani. Kisha inadai uwazi wa taarifa zinazohitajika ili mtu aunganike, inasema hakuna dhamana ya huduma, na inamwachia kila mwenye nodi kuongeza masharti yake mradi yasipingane na hayo ya mwanzo.

Guifi.net, mtandao ulioanza Catalonia mwaka 2004, ulikwenda mbali zaidi. Leseni yake ya jumuiya humpa mshiriki uhuru wa kuutumia mtandao kwa shughuli yoyote isiyoudhuru wala kuvunja haki za wengine wala kanuni ya kutoegemea, haki ya kuelewa namna unavyofanya kazi, haki ya kutoa huduma na maudhui juu yake kwa masharti yake mwenyewe, na haki ya kujiunga, pamoja na wajibu wa kumpa anayefuata haki hizohizo. NYC Mesh ya New York ilijenga leseni yake juu ya hiyo. Huo wajibu wa kupokezana ndio ninaoupenda. Anayejiunga kupitia kwako hawi mteja wako. Ana haki sawa na zako, naye wa kwake vivyo hivyo.

Katika mapatano yenu hakikisheni yamo haya, kwa lugha ambayo mwanachama asiye fundi ataielewa: nodi hupitisha data za wengine bila kuangalia zina nini, hakuna anayebadilisha, kuongezea tangazo, wala kurekodi yaliyomo, kinachoruhusiwa ni kugawa uwezo kwa njia iliyoandikwa na kutangazwa, kila mwenye nodi anabaki huru kuizima nodi yake nzima, lakini hayuko huru kuchagua data za nani zipite. Sentensi hiyo ya mwisho huwashangaza watu. Paa ni lake na umeme ni wake, inakuwaje asiwe na hiari? Jibu ni kwamba nodi iliyozimwa huonekana, na itifaki huizunguka ndani ya muda mfupi. Nodi inayochagua huonekana nzima, njia zinaendelea kupita humo, na data za mtu mmoja zinapotea bila yeye kujua ni wapi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano yawekwe mahali ambapo kila mwanachama anayafikia, pamoja na faili za mipangilio ya ruta. Nywila ziondolewe humo kwanza, bila shaka.

Hatua ya 3: Gawa uwezo kwa kaya

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mitandao huvunjika.

Kisa chenyewe hakibadiliki. Jioni mtandao unakuwa mzito. Mtu anasema ni video. Mwingine anasema tuzuie video kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku ili wanafunzi wasome. Wote wanatikisa kichwa kukubali, maana nani atapinga wanafunzi? Katika mtandao mmoja niliosaidia kuuendesha tuliupitisha uamuzi huo kwa kauli moja, na juma la kwanza tu tukagundua kwamba masomo yenyewe ya wanafunzi wawili yalikuwa ya video, na kwamba mama mmoja alikuwa akiongea kwa ishara na mwanawe kiziwi aliye mbali, kwa video. Hatukuwa na ubaya wowote. Tulikuwa tumeamua kwa niaba ya watu mambo ambayo hatukuyajua.

Tatizo halikuwa video. Mambo mawili yalichanganywa. La kwanza, kaya chache zilikuwa zikichukua sehemu kubwa ya laini. La pili, pakiti zilikuwa zikijipanga foleni ndefu ndani ya ruta ya lango, kiasi kwamba hata ujumbe mfupi ulisubiri nyuma ya faili kubwa. Yote mawili yana dawa isiyojali maudhui.

Dawa ya foleni ni upangaji unaotenganisha mawasiliano na kuyapa zamu, kila moja kwa haki. Wenye ufundi huiita fq_codel, iliyoelezwa katika RFC 8290 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) ya mwaka 2018, na ndugu yake mpya, CAKE, aliyeingia katika mfumo endeshi wa Linux, toleo la 4.19, mwaka huohuo. Uzuri wake kwa anayejali usawa ni huu: mawasiliano yanayotuma kidogokidogo, kama simu ya sauti, hupita haraka kwa sababu hayajajenga foleni. Ruta haikuhitaji kujua kwamba ni simu. Simu ya sauti huhitaji chini ya 0.1 Mbps (megabiti kwa sekunde), inapenya katikati ya upakuaji mkubwa, na hakuna aliyechungulia chochote.

Kwenye ruta ya lango yenye OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, sakinisha sqm-scripts pamoja na luci-app-sqm, zana za SQM za kupanga foleni. Pima kasi ya laini usiku wa manane, mara kadhaa, kwenda na kurudi. Kisha weka kikomo katika SQM kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kipimo hicho kwa kila upande. Watu huuliza kwa nini wapoteze asilimia kumi. Sababu ni kwamba foleni iwe kwenye ruta yenu, mnakoweza kuipanga, badala ya kwenye mitambo ya mtoa huduma msikoweza. Chagua cake kama mpangaji. Ruta dhaifu inaweza kushindwa kukimbiza hesabu hizi kwenye laini ya kasi kubwa, kwa hiyo pima tena baada ya kuwasha.

Sasa kaya. CAKE inaweza kugawa kwanza kwa anwani (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), ndipo kwa mawasiliano. Upande wa kupakua tumia chaguo la `dual-dsthost`, upande wa kupakia `dual-srchost`, na ongeza `nat` ikiwa lango ndilo linalobadilisha anwani. Lakini angalia lango linaona nini. Kama kila kaya ina ruta yake inayoficha vifaa vyake nyuma ya anwani moja, lango huona anwani moja kwa kaya, nanyi mmepata mgawo wa kaya bila jasho. Kama simu zote zinaonekana moja kwa moja, nyumba yenye simu kumi itapata mafungu kumi na ajuza anayeishi peke yake atapata fungu moja. Inawezekana ndivyo mnavyotaka, maana nyumba yenye watu kumi ina watu kumi! Liamueni kwa kujua, msiachie mpangilio wa kiwandani uwaamulie.

Hesabu ya kuwaonyesha wajumbe: laini ya 40 Mbps na kaya 20. Zote zikivuta kwa wakati mmoja kwa nguvu zote, kila moja inapata 2 Mbps, kiasi cha kutosha kwa simu ya sauti na kurasa, na kwa video ya ubora wa chini. Zikivuta tano tu, kila moja inapata 8. Hakuna aliyenyimwa kitu, na kaya inayotaka kulitumia fungu lake lote kwa mpira wa miguu ni shauri lake.

Kamba hukatikia pabovu, na kwenye meshi pabovu mara nyingi si langoni. Nodi yenye redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale, hivyo kasi hupungua takriban nusu kwa kila kiruko cha mwanzo, yaani kila data inaporuka kutoka nodi moja kwenda nyingine. Kaya iliyo viruko vitatu kutoka langoni inabaguliwa na jiografia kabla hujaandika sheria yoyote. Zaidi ya hayo, kifaa chenye mawimbi dhaifu hutumia muda mwingi wa hewa kutuma kiasi kidogo, na wote walio kwenye redio ileile wanapunguzwa kasi. Madereva ya kisasa ya WiFi katika Linux (programu zinazoendesha redio), kama ath9k na mt76, yanaweza kugawa muda wa hewa kwa usawa badala ya idadi ya biti. Mimi naona huo ndio mgawo wa haki kwenye kiungo cha pamoja, ilimradi mwenye mawimbi dhaifu asaidiwe kwa antena bora au nodi ya karibu. Ukimgawia muda sawa kisha ukamwacha na antena iliyopinda, haki yake iko kwenye karatasi tu.

Kitu kimoja kinastahili kutangulizwa bila ubishi: ujumbe wa itifaki ya meshi yenyewe, ule ambao nodi hutumia kutambuana. Ukikwama kwenye foleni, njia zinayumba na wote wanaumia. Hutanguliza huduma ya mtu yeyote kwa kufanya hivyo.

Vipi wanaolipa zaidi, au wageni wasiochangia? Mgeni kupewa fungu dogo kuliko mwanachama si uvunjaji wa usawa wa mtandao, kwa sababu kinachotofautishwa ni mchango wake na si anachokisoma. Zahanati au shule inayochangia zaidi inaweza kupewa uwezo zaidi kwa hoja hiyohiyo. Mstari unavukwa pale fungu hilo linapofungwa kwenye huduma fulani: "mgeni apate barua pepe tu". Uza au gawa ukubwa wa bomba, na usimpangie mtu kinachopita ndani yake.

Hatua ya 4: Mambo mnayoweza kuzuia

Ni machache. Pakiti zinazodai kutoka kwenye anwani ambayo si ya mtumaji zizuiwe kwenye nodi ya mtumaji. Ni desturi njema iliyoandikwa tangu mwaka 2000 katika RFC 2827, na inakinga watu wa nje dhidi ya mashambulizi yanayopitia kwenu. Kifaa kilichoambukizwa na kinachomwaga data ovyo kinaweza kutengwa kwa muda, mwenyewe akiambiwa siku hiyohiyo. Mlango (port) namba 25 wa kutoka, ambao seva za barua pepe hutumia na ambao hutumiwa sana na barua taka, mitandao mingi huufunga. Mkifanya hivyo, andikeni, na mfungulieni mwanachama anayetaka kuendesha seva yake ya barua. Amri halali ya mamlaka ni suala la sheria ya mahali mlipo. Ombi la simu kutoka kwa mtu mwenye cheo si amri. Dai maandishi.

Kuhusu kuchuja kwa ajili ya watoto nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Kichujio kiwekwe kwenye kifaa au kwenye ruta ya kaya inayokitaka, kamwe kisiwe kwenye nodi inayopitisha data za wote. Mnaweza kabisa kuendesha seva mbili za DNS, moja inayochuja na moja isiyochuja, na kila kaya ikachagua. Chaguo-msingi liwe isiyochuja, na maelezo ya kubadilisha yawe mepesi. Mzazi anabaki na mamlaka yake, na jirani asiye na watoto habebi maamuzi ya mzazi huyo.

Hatua ya 5: Huduma za ndani na mtego wa "bure"

Meshi ina neema ambayo laini ya kampuni haina. Data inayotoka nodi hii kwenda nodi ile haitumii laini ya nje. Mkiweka seva yenye nakala ya Wikipedia kwa kutumia Kiwix (programu ya kusoma tovuti bila intaneti), masomo, au redio ya jamii, itapatikana kwa kasi hata lango likiwa limezimika. Je, huku si kupendelea maudhui?

Swali ni zito kuliko linavyoonekana. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Septemba 2021 kwamba bando zinazoacha kuhesabu data za programu fulani zinakwenda kinyume na wajibu wa kutendea data zote sawa. Mtu anaweza kusema seva yenu ya ndani isiyohesabiwa ni kitu hichohicho. Mimi naona tofauti iko kwenye chanzo cha unafuu. Kwenye bando la kampuni, data zote hupita njia ileile na unafuu ni uamuzi wa bei. Kwenye meshi, data ya ndani ni nafuu kwa sababu kweli haiendi nje. Tofauti hiyo inasimama kwa sharti moja: mwanachama yeyote awe na haki ya kuweka seva yake ndani ya meshi, kwa masharti yaleyale, na ipate unafuu uleule. Siku mtakapoamua kwamba seva ya fulani iwe "ya ndani" na ya mwingine isiwe, mmejenga Free Basics yenu ndogo.

Kwa vitendo: tengeni eneo la anwani kwa huduma za ndani, andikeni utaratibu wa kuomba jina, na orodha ya huduma ipangwe kwa alfabeti. Ukurasa wa kukaribisha wageni ukiwapo uwe mfupi na usimlazimishe mtu apitie tovuti yoyote. Na msihesabu trafiki ya ndani kwenye kikomo cha mtu, haidhuru inatoka kwenye seva ya nani.

Hatua ya 6: Soma mkataba wa laini ya nje

Usawa wote wa ndani hauna maana kama mlango wa nje unabagua. Kabla ya kutia saini angalia mambo manne. Mkataba unaruhusu kugawana laini na kaya nyingine? Mingi ya majumbani inakataza, na kuvunja kipengele hicho kunampa mtoa huduma kisingizio cha kuwakatia siku yoyote. Mtapata anwani ya umma, au mtafichwa nyuma ya anwani ya pamoja inayoanzia 100.64? Mkifichwa, hakuna mwanachama atakayeweza kuendesha seva inayofikika kutoka nje, labda kupitia IPv6 (mfumo mpya wa anwani, wenye anwani nyingi zaidi), kwa hiyo ulizeni IPv6 kwa jina lake. Je, kikomo cha "matumizi ya haki" kimetajwa kwa namba? Na kuna kipengele cha kushusha ubora wa video au kuzuia simu za intaneti?

Ulizeni pia mnahesabiwaje kisheria. Kuna nchi ambako anayetoa intaneti kwa umma anahitaji leseni au usajili, na nyingine zinazitofautisha huduma za umma na za kundi lililofungwa. Jibu linaamua majukumu yenu, pamoja na kama kanuni za usawa zinawabana moja kwa moja.

Uwezo ukiruhusu, tafuteni lango la pili kutoka kwa mtoa huduma tofauti. Lango la kwanza likianza kubagua, mtakuwa na pa kulinganishia.

Hatua ya 7: Pimeni, wenyewe na wa nje

Kwa ndani, weka iperf3, programu ya kupima kasi, kwenye nodi kadhaa na pima kasi kati yake kila mwezi, saa tulivu na saa ya msongamano. Endesha ping (kipimo cha muda wa ujumbe mfupi kwenda na kurudi) kuelekea langoni huku mwenzako akipakua faili kubwa. Ucheleweshaji ukiruka kutoka milisekunde 20 hadi 400, foleni yenu haijapangwa, rudi hatua ya 3. Ukipanda kidogo tu, kazi imefanyika.

Kutafuta ubaguzi kwa nje kunahitaji subira. OONI Probe hupima tovuti na programu zilizozuiwa, lakini fahamu kwamba matokeo yake huchapishwa hadharani, kwa hiyo anayeiendesha akubali akijua. Kwa kuchelewesha kwa siri, njia rahisi ni kupakua kitu kilekile mara mbili, moja kwa moja kisha kupitia VPN (njia iliyofichwa, isiyoonyesha unakokwenda), kwa zamu, mara nyingi, saa mbalimbali. VPN ikishinda mara kwa mara wakati kwa kawaida ingepunguza kasi, kuna mtu njiani anayeangalia unakokwenda. Jaribio moja si ushahidi. Andika tarehe, saa, nodi, na namba zote, hata zile zisizounga mkono tuhuma yako.

Vipimo vyenyewe visiwe ujasusi. Hesabu baiti kwa kaya, usihifadhi orodha ya tovuti. Kumbukumbu za DNS zizimwe, au zifutwe ndani ya saa chache. Kisichohifadhiwa hakiwezi kuibiwa wala kuombwa na mtu.

Hatua ya 8: Malalamiko na sheria zenye tarehe ya kufa

Kila sheria ya muda iandikwe na tarehe yake ya mwisho ndani ya ruta yenyewe, kwa mfano kwa kazi ya cron (ratiba ya ruta ya kufanya kazi zenyewe kwa wakati) inayoifuta. Nimeona kizuizi cha "wiki moja ya mitihani" kikiishi mwaka mzima kwa sababu aliyekiweka alihama na hakuna aliyejua kipo. Inayotaka kuendelea irudi mkutanoni kuombewa upya.

Teueni watu wawili wa kupokea malalamiko, na angalau mmoja asiwe na nywila za ruta. Mwanachama akisema data zake zinabaguliwa, kwanza linganisheni mipangilio ya nodi zilizo njiani na nakala iliyotangazwa. Ikitofautiana, mwenye nodi apewe siku saba airudishe, na ndani ya siku hizo njia zielekezwe kwingine kwa kuongeza gharama ya kiungo chake katika itifaki, bila kumkatia yeye mwenyewe huduma. Akirudisha, gharama inashushwa siku hiyohiyo na jambo linaandikwa kuwa limekwisha. Akikataa, nodi yake inabaki kuwa ya kupokea tu, na kaya zilizokuwa zikimtegemea ndizo za kwanza kupelekewa nodi mpya.